Video ya kitenge iwe picha inayocheza

Swali: Nauza vitenge Kariakoo. Nina video ya sekunde 20 ya kitenge kikikunjuliwa. Nikiigeuza kuwa GIF ya kuposti, inakuwa nzito na rangi zinaharibika. Nifanyeje?

Jibu: Usiigeuze yote, dada yangu. Kata sekunde 2 au 3 tu, pale kitenge kinapofunguka, na mwisho wa kipande ufanane na mwanzo wake ili kijirudie bila kuruka. GIF ni teknolojia ya mwaka 1987: kila fremu kwa kawaida hubeba rangi zisizozidi 256. Ndiyo maana zambarau inayofifia kuelekea waridi hutoka na mabaka. Punguza upana hadi pikseli 480 na fremu ziwe 12 kwa sekunde. Uzito utashuka sana. Unaporekodi, egemeza simu mahali imara, maana ukuta ukitikisika nyuma ya kitenge, faili hunenepa bure.

Kwa WhatsApp huhitaji programu nyingine: chagua video, ikate isizidi sekunde 6, gusa alama ya GIF, tuma. Instagram pakia video yenyewe. Mteja wako ananunua rangi, na huko itajirudia bila kuzipunguza hadi 256.