Kutoka Ubao wa Chaki Hadi Bajeti ya Filamu

Nikiwa kidato cha pili kwetu Litumbandyosi, wilayani Mbinga, nilikuwa naingia bure kwenye banda la video. Malipo yake yalikuwa ubao. Kila jioni naandika kwa chaki jina la filamu, saa na kiingilio, kisha nazunguka na kipaza sauti mpaka sokoni. Nilijifunza jambo ambalo hakuna mhadhiri amenifundisha: filamu ya mapigano inajaza banda siku yoyote, ila ya mapenzi inataka akina mama, na akina mama hawaji kabla hela ya kahawa haijatoka. (Mwenye banda alinibishia sana. Baadaye akanyamaza.)

Huko Hollywood kazi ile ina ofisi na mshahara. Mtu wa matangazo anatafuta waandishi, anapanga mahojiano, anaamua bango liseme nini na kwa nani. Mtayarishaji anatafuta hadithi, hela na watu, anasaini mikataba, na filamu ikianguka wanamtafuta yeye.

Ava DuVernay alivuka daraja hilo. Mwaka 1999 alifungua ofisi yake ya matangazo, akawa anatangaza filamu za wengine. Alishika kamera akiwa na miaka 32, bila kusomea filamu. I Will Follow aliitengeneza kwa dola 50,000 hivi, kiasi kidogo sana kwa Hollywood. Sasa filamu ipo, nani ataipeleka kwenye majumba ya sinema? Wengi wetu tungekwama hapo. Yeye mwaka 2011 aliizindua kupitia AFFRM, umoja wa usambazaji aliouanzisha mwenyewe pamoja na matamasha ya filamu za watu weusi. Yaani alirudi kwenye ubao wa chaki! Mwaka 2012 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji bora Sundance, kwa Middle of Nowhere. Tuzo ni nzuri, ila mimi nasoma zaidi ule usambazaji.

Hapa nyumbani tulimjua Zamaradi Mketema kwa Take One ya Clouds TV, akizungumzia filamu za Bongo. Baadaye akaanzisha Zamaradi TV. Si njia ileile, lakini naye alitoka kwenye kazi za wenzake akaenda kumiliki chake.

Nayasema haya kwa sababu kikundi chetu cha maigizo, ambacho mimi nakibandikia mabango, kimeniomba nitayarishe filamu fupi kijijini kwetu, likizo ndefu. Mpiga debe anachukua chake basi likiondoka stendi. Likizama matopeni, anayelala njiani ni mwenye basi. Na basi lenyewe hapa ni bumu langu. Nauli za watu sita, kukodi kamera, chakula: si mchezo.

Mstari wa kwanza wa bajeti nimeandika siku ya kuonyesha, Jumamosi ya kwanza baada ya malipo ya kahawa. Mwenye banda nimeshampigia. Anataka nusu ya kiingilio. Nimemwambia, "Baba, theluthi." Bado tunabishana.