SOMO LA UTUNZAJI WA VIFAA: GURUDUMU LA MKIA



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia pampu na jenereta. Safari hii tutazame chombo ambacho mwenye nacho amekijenga mwenyewe, na hivyo hana wa kumsingizia kikiharibika.

Huko Marekani watu wengi hujenga ndege ndogo katika banda la nyumbani. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na tangu 1970 mkutano wao mkuu hufanyika Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Sheria inamtaka mjenzi asiye mfanyabiashara afanye sehemu kubwa ya kazi, ndiyo maana husemwa asilimia 51. Akimaliza anaweza kupewa cheti cha kukagua ndege yake hiyo hiyo kila baada ya miezi 12. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Anayeinunua anaruhusiwa kuitengeneza, lakini ukaguzi wa mwaka ni lazima ufanywe na fundi mwenye leseni.

Baadhi ya ndege hizi, kama RV-4 na RV-8 alizobuni Richard VanGrunsven wa Oregon, zina magurudumu mawili makubwa mbele na kagurudumu kadogo mkiani. Uzito wake uko nyuma ya yale magurudumu mawili. Aliyewahi kurudisha tela nyuma kwa trekta ataelewa mara moja: ikianza kwenda upande, inazidi kwenda. Rubani asipoiwahi, ndege huzunguka yenyewe ardhini, bawa hugusa chini na miguu ya magurudumu huweza kuvunjika. Ikienda kasi, usukani wa mkiani hupata upepo wa kutosha kuirekebisha. Mwendo ukipungua upepo huo haupo tena, na rubani hubaki na breki na kale kagurudumu.

Kagurudumu huongozwa kwa njia rahisi. Kutoka kwenye usukani hushuka cheni mbili zenye springi, kushoto na kulia, mpaka kwenye mkono wa gurudumu. Ukikanyaga pedeli, usukani unageuka na gurudumu linafuata. Springi zipo kwa sababu maalumu. Katika upepo wa ubavuni rubani hutua usukani ukiwa umegeuzwa, na gurudumu lililofungwa kwa chuma kitupu lingeipiga ndege mshtuko linapogusa lami.

Basi mkaguzi aanzie hapo kwenye cheni. Usukani ukiwa katikati, pande zote mbili ziwe sawa. Cheni zikilegea mno, gurudumu huchelewa kuitikia, halafu huitikia kwa kishindo. Zikikazwa mno, huubana usukani na kuchosha vishikizo vyake. Atazame ndoano za springi na pete za cheni mahali zinaposuguana. Huko ndiko chuma huliwa kimyakimya. Ndoano ikifunguka wakati wa kutua, upande mmoja hauna uongozi tena. Mimi ningebadilisha ndoano iliyolika hata kama mwenyewe anasema bado ina maisha.

Kisha mhimili ambao gurudumu huzungukia. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa huutazama mkia ukiwa umeinuliwa. Autazame kutoka ubavuni, ndege imesimama ardhini na mzigo wake wa kawaida. Mhimili uwe wima, au juu uinamie nyuma kidogo. Katika ndege zenye springi ya bapa, miaka ya kutua huinyoosha springi hiyo, na juu ya mhimili huanza kuinamia mbele. Hapo gurudumu hutetemeka kushoto na kulia kama toroli bovu la dukani, na mkia mzima hutikisika. Watu hukaza nati na kubadilisha tairi, na mtetemo hurudi, maana kosa liko kwenye springi.

Magurudumu mengi ya aina hii yana kifungo cha ndani kinachoachia gurudumu lizunguke kabisa rubani anapogeuza ndege mahali pembamba. Kukipima kunahitaji watu wawili. Wekeni vigingi kwenye magurudumu ya mbele, inueni mkia juu ya stendi imara, mmoja akanyage pedeli na mwingine atazame. Halafu gurudumu lisukumwe kwa mkono mpaka liachie, kisha lirudishwe mpaka lishike. Likiachia mapema, pini au tundu lake limelika. Lisiposhika, mara nyingi ni vumbi lililochanganyika na grisi kuukuu: fungua, osha, paka grisi mpya, rudisha. Anayetumia viwanja vya vumbi au nyasi asingoje miezi 12.

Mwisho, kila nati iliyofunguliwa irudishiwe pini yake mpya, na kazi iandikwe siku hiyo hiyo kwenye daftari la ndege, pamoja na tarehe na jina la aliyeifanya. Mnunuzi wa kesho atalisoma daftari hilo kabla hajapanda.