Mchapuko Usioongeza Kasi: Funzo la Mwendo wa Duara na Istilahi Zake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa kuwa kitu kinaweza kwenda kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho na bado kikawa na mchapuko, hushangaa. Mshangao huo una msingi katika lugha. Kitenzi ‘chapuka’ kina maana ya kwenda haraka. Itakuwaje basi pawepo mchapuko pasipo na haraka iliyoongezeka? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kueleza mwendo wa duara wa kasi isiyobadilika. Yanashikilia kwamba istilahi ya sayansi hufundishwa kwa fasili yake, wala si kwa mzizi wake pekee.

Kombeo shambani

Tuchukue mfano wa kijana anayewinga ndege katika shamba la mtama huko Bondo, karibu na Ziwa Viktoria. Analizungusha kombeo juu ya kichwa chake. Jiwe liko mita 1 kutoka kitovu cha duara, nalo hukamilisha mizunguko 2 kila sekunde.

Ili kupima mzunguko huo, wanafizikia hutumia kipimo cha pembe kiitwacho radiani. Radiani 1 ni pembe inayokabili kipande cha mzingo chenye urefu sawa na nusu kipenyo. Duara zima lina radiani 2π, yaani 6.28 hivi. Kwa hiyo jiwe letu hupitia radiani 12.6 kila sekunde. Hiyo ndiyo velositi ya pembe, ambayo alama yake ni ω. Tukiizidisha kwa nusu kipenyo (r) tunapata kasi ya jiwe lenyewe:

v = ωr = 12.6 × 1 = mita 12.6 kwa sekunde.

Kasi hii haibadiliki. Hata hivyo, velositi si kasi tu. Ni kasi pamoja na mwelekeo. Jiwe hugeuza mwelekeo wake kila nukta, kwa hivyo velositi yake hubadilika daima. Na mchapuko, kwa fasili, ni kadiri ya badiliko la velositi kwa kila kipimo cha wakati. Basi jiwe lina mchapuko:

a = ω²r = mita 158 hivi kwa sekunde mraba.

Huo ni takriban mara 16 ya mchapuko wa graviti, ingawa jiwe halikuongeza kasi hata kidogo.

Mchapuko huo huelekea kitovuni, na kani inayousababisha hutoka kwenye ugwe. Wengi hudhani kuwa jiwe huvutwa nje. Dhana hii hukanushwa na kombeo lenyewe: kijana akiachilia ncha moja ya ugwe, jiwe huondoka kwa kufuata mstari ulionyooka unaoligusa duara pale lilipoachiwa. Halifuati mstari utokao kitovuni. Hapa pia istilahi hutusaidia. Neno ‘nguvu’ katika mazungumzo hubeba maana nyingi. ‘Kani’ limetengewa maana moja.

Bondo katika duara kubwa

Bondo yenyewe imo katika mwendo wa duara. Iko karibu sana na Ikweta, hivyo umbali wake kutoka mhimili wa Dunia ni kilomita 6,378 hivi. Dunia huzunguka mara 1 kwa sekunde 86,164. Velositi yake ya pembe ni radiani 0.0000729 kwa sekunde. Kwa hesabu ileile, mkazi wa Bondo husafiri mita 465 kila sekunde akiwa ameketi kibarazani.

London ina velositi ya pembe iyo hiyo, ila iko kilomita 3,980 hivi kutoka kwenye mhimili. Kasi yake ni mita 290 tu kwa sekunde. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya vipimo vya pembe na vipimo vya mstari.

Mbona basi haturushwi angani? Mchapuko wa kuelekea kitovuni hapa Ikweta ni mita 0.034 tu kwa sekunde mraba. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 huhitaji kani ya niutoni 2 kumzungusha, ilhali graviti humvuta kwa niutoni zipatazo 590.

Kasi hii ya Ikweta ina manufaa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa nayo tayari. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengewa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti hiyo iliitwa Uhuru.

Hitimisho

Neno la Kiswahili liliizunguka Dunia zaidi ya nusu karne iliyopita, ilhali katika shule za upili za Kenya mzunguko wenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi hazikosekani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachohitajika ni kuzitumia katika hoja na hesabu mpaka zizoeleke. Msomaji na aanze na kombeo: amweleze mwenzake, kwa Kiswahili kitupu, kwa nini jiwe lisiloongeza kasi lina mchapuko. Akieleweka, istilahi itakuwa imefanya kazi yake.