Kuongoza Watu Kazini

Si kila aliyepewa cheo aongoza. Cheo huja kwa barua ya siku moja. Lakini heshima ya watu hupatikana polepole, nayo yaweza kupotea kwa neno moja.

Twayakumbuka yaliyotukia katika nchi yetu. Mwezi wa Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi kujivuna, kudharau na kuonea watu. Wafanyakazi walilishika neno hilo. Toka mwaka ule hata 1973 migomo ilizuka viwandani, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia mameneja milango. Tena mara nyingi hawakudai nyongeza ya mshahara. Walilalamika kwamba wanatukanwa na kudharauliwa, wala hawasikilizwi.

Fundisho lake ni wazi. Mtu huuza nguvu za mikono yake. Heshima yake haiuzi.

Basi wewe uliye msimamizi, ikiwa ofisini, shambani au katika karakana, shika mambo matatu.

Kwanza, sikiliza kabla ya kuhukumu. Mtu akichelewa, muulize sababu. Pengine amekesha na mtoto mgonjwa.

Pili, onya kwa faragha. Kumkemea mtu mzima mbele ya vijana anaowafundisha kazi ni kumvua nguo. Ataikumbuka aibu, na kosa lenyewe atalisahau.

Tatu, kosa likiwa lako, likiri. Usidhani kwamba kukiri kutakushusha. Walio chini yako wamekwisha kuliona, nao wangoja tu kujua kama u mtu wa kweli.

Hatusemi kwamba kiongozi awe mlegevu. Mvivu na aonywe, mwizi na ashitakiwe. Kwani kazi isiyo na utaratibu huwaumiza hasa wale wenye bidii. Lakini ukali usio na haki huzaa woga, na mwenye woga huficha makosa mpaka yawe hasara.

Wala jambo hili haliishii mlangoni pa kiwanda. Baba aliyetukanwa mchana hurudi nyumbani na hasira yake, na mara nyingi mke na watoto ndio wanaoilipa. Kwa hiyo kila mwenye watu chini yake ajiulize kabla ya kulala: Leo nimemrudisha nani nyumbani kwake akiwa ameinamisha kichwa? Na kesho asubuhi, kabla ya kazi kuanza, aende akamtafute mtu huyo.