SOMO LA AFYA: Moyamoya, Ugonjwa Unaoziba Mishipa ya Ubongo na Kuipasua

Moyamoya ni neno la Kijapani linalotaja kitu kilichotanda kama moshi. Mwaka 1969 madaktari wa Japani, Suzuki na Takaku, waliupa ugonjwa huu jina hilo kwa kuwa picha za ubongo zilionyesha vimishipa vyembamba vilivyosongamana mithili ya moshi.

Chanzo chake ni kusinyaa kwa mishipa mikubwa miwili inayopanda shingoni kupeleka damu kwenye ubongo. Mwili hujitetea kwa kuotesha vimishipa vya pembeni, lakini hivyo ni dhaifu na hubeba mzigo unaovizidi. Vingine hupasuka. Kwingine ukuta wa mshipa hutuna na kufanya kifuko, kiitwacho na wataalamu anyurizimu, ambacho nacho huweza kupasuka. Hivyo ugonjwa mmoja huleta viharusi vya aina mbili: cha kukosa damu, kinachowapata zaidi watoto, na cha kuvuja damu, kinachoonekana zaidi kwa watu wazima.

Jambo hili linatuhusu, kwa sababu selimundu pia huweza kusababisha mishipa ya ubongo kusinyaa namna hiyo.

Dalili za kuzingatia
• Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, au usemi kupotea ghafla. Kwa mtoto, dalili hizi huweza kujitokeza anapolia sana au anapopuliza kwa nguvu, kama achocheaye moto.
• Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, kutapika, degedege au kupoteza fahamu.

Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, msidhani mgonjwa amepona. Hilo ni onyo la kiharusi kinachoweza kufuata.

La kufanya
Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, na mtaje iwapo ana selimundu. Msimpe aspirini nyumbani: kwa macho hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na aspirini huzidisha uvujaji. Kipimo cha CT ndicho hubainisha. Wagonjwa wengine hufanyiwa upasuaji wa kuunganisha mshipa wa ngozi ya kichwa na wa ubongo, ili vimishipa dhaifu vipunguziwe mzigo.

Wazazi wa watoto wenye selimundu wasikose kliniki, na waulize kuhusu kipimo cha mwendo wa damu kichwani, kinachoshauriwa kuanzia umri wa miaka 2.