Dondoo muhimu: Nukta nyekundu kwa macho yaliyokula chumvi nyingi

Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na mlengaji wa revolva huanza kuona kilengeo cha mbele kama ukungu. Kilengeo cha nukta nyekundu humwondolea tabu hiyo: nukta huonekana kana kwamba iko mbali pamoja na shabaha, hivyo jicho hutazama mahali pamoja tu.

Aijaribu dukani kabla ya kulipa. Mwenye astigimatizimu huiona nukta ikiwa na mkia au imesambaa. Aipige picha kwa simu kupitia kioo cha kifaa: ikitokea duara safi, kasoro ni ya jicho, na daktari wa macho ndiye wa kumwona kwanza. Kupunguza mwanga wa nukta husaidia. Wengine hupata nafuu kwa ya kijani.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA (dakika ya pembe). MOA 1 hufunika takriban sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo nukta ya MOA 6 hufunika kama sentimita 4.4 kwenye mita 25. Hiyo yatosha kabisa kwa shabaha ya karatasi, tena jicho la mzee huipata upesi kuliko ya MOA 2. Kioo kipana ni bora zaidi.

Nchini Marekani, revolva za Smith & Wesson 686 za kisasa zina matundu ya skrubu za kufungia kifaa hiki chini ya kilengeo cha nyuma. Msukumo wa .357 Magnum hulegeza skrubu zisizotiwa gundi maalumu. Zikaguliwe kila baada ya mazoezi, silaha ikiwa haina risasi.