Indian Delights: Majibu kwa Wanaotaka Kupikia Kitabu cha Durban

Kitabu hiki ni cha nani?

Indian Delights kilitoka Durban mwaka 1961. Mhariri wake ni Zuleikha Mayat, na wenye kitabu ni Women's Cultural Group, chama cha wanawake alichokianzisha na wenzake mwaka 1954. Bi Zuleikha, aliyezaliwa Potchefstroom mwaka 1926 na kufariki dunia mwaka 2024, hakuwa mpishi wa hoteli. Alikuwa mke, mama na mwandishi wa safu gazetini. Yeye na wenzake waliwaendea wanawake waliokuwa wakipika kwa kukadiria, mikono ikijua kila kitu na karatasi haijui lolote, wakayaandika makadirio hayo kwa vijiko na vikombe. Hiyo ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kijana anayepika mbali na mama yake na shangazi zake anapata mtu wa kumshika mkono, na ujuzi wa bibi hauzikwi naye.

Vyakula vya Kihindi vilifikaje Durban?

Meli iitwayo Truro iliwasili Novemba 1860 ikiwa na vibarua wa mkataba kutoka Madras, waliokwenda kulima miwa Natal. Baadaye wakaja wafanyabiashara waliojilipia nauli, wengi wao Wagujarati. Ndiyo maana mpwani akikifungua kitabu hiki atakutana na ndugu zake: biriani, sambusa, achari.

Kwa hiyo mapishi yao ni kama yetu?

Yanafanana, lakini hayalingani. Mchuzi wa Durban kwa kawaida hauna tui. Ni mwekundu kwa pilipili na nyanya, hunukia majani ya mti wa kari, na viazi vyake hunyonya rojo hadi ndani. Biriani yao huwekwa adesi, jambo litakalomshangaza mtu wa Mombasa au Unguja. Ushauri wangu: mara ya kwanza tia nusu ya pilipili inayotajwa. Soko la Victoria Street pale Durban huuza masala iliyopewa jina la mama mkwe kwa ukali wake.

Fedha za mauzo huenda wapi?

Chama kimezitumia kwa kazi za jamii, hasa kuwalipia wanafunzi ada za masomo.

Vipimo vyake nivielewe vipi?

Hapa ndipo wengi hukwama. Afrika Kusini ilihamia gramu na lita katika miaka ya 1970, kwa hiyo nakala kuukuu ya urithi inaweza kuwa na ratli na aunsi. Ratli moja ni gramu 454, na aunsi moja ni kama gramu 28. Joto la oveni la 350 kwa Farenhaiti ni karibu 180 kwa Selsiasi. Kikombe cha kupimia cha Afrika Kusini hubeba mililita 250, kijiko cha chakula 15, kijiko cha chai 5. Kikombe chako cha chai ya asubuhi kinaweza kuwa kidogo zaidi, basi kijaze maji uyapime, kisha ubaki na kikombe hicho hicho kwa mchele, unga na maji yake. Soma pishi lote kabla ya kuwasha jiko, maana huenda adesi zilitakiwa kulowekwa mapema. Ukishapika, andika pembeni ya ukurasa ulichobadilisha.

Mgeni wa jikoni aanze na nini?

Mchuzi wa maharage. Ni rahisi kwa mfuko, na ukiungua kidogo hujapoteza nyama. Kaanga vitunguu hadi viwe rangi ya dhahabu, tia tangawizi, kitunguu saumu na masala, halafu nyanya. Usimimine maharage yaliyochemshwa mpaka mafuta yajitenge. Ukitaka kula kama watu wa Durban, nunua boflo ambalo halijakatwa slesi, ligawe nusu, chimbua nyama yake ya ndani na ujaze mchuzi humo. Wenyewe huita chakula hicho bunny chow. Kachumbari ya karoti, kitunguu na pilipili huwekwa kando. Usitafute kijiko: chovya ile nyama ya mkate uliyoichimbua kwanza, kisha shuka na kuta zake.